Mtoto Ambaye Hakuugua

Katika wadi ya watoto ya hospitali ya Kilifi, mgonjwa hatafutwi. Huletwa. Anafika mgongoni mwa mama kwa bodaboda, au kwa matatu kutoka Matsangoni, akipumua kwa haraka, mbavu zikibonyea kila avutapo hewa. Muuguzi anahesabu pumzi zake kwa dakika nzima, damu inachukuliwa, jina na kijiji vinaandikwa. Kama kuna utafiti wa nimonia unaoendelea, mtafiti ameshapata nusu ya anachokihitaji kabla ya saa nne asubuhi. Nusu ya pili haiji yenyewe. Ni mtoto mwingine wa umri huo huo, ambaye saa hiyo yuko kwao anacheza chini ya mkorosho, hana homa wala kikohozi, na mama yake hana sababu hata moja ya kupanda gari kwenda hospitali. Mtoto huyo asipopatikana, au akipatikana asiyefaa, yote yaliyopimwa wadini hayatamwambia mtu kitu.

Chukua mfano mwepesi. Umeambiwa kwamba kati ya watoto mia moja waliolazwa kwa nimonia, sabini walikutwa na bakteria fulani puani. Je, bakteria huyo ndiye aliyewafanya waugue? Huwezi kujibu mpaka ujue ni wangapi kati ya watoto wazima mia moja wanaotembea naye bila kudhurika. Wakiwa sabini pia, ulichokiona wadini ni jinsi pua za watoto wa Pwani zilivyo siku zote. Wakiwa watano, una jambo mkononi. Jibu zima linategemea wale mia wa pili, na makosa makubwa ya aina hii ya utafiti nimeyaona yakianzia kwao, mara chache sana kwa wagonjwa.

Wataalamu wa epidemiolojia huliita kosa la kulichagua vibaya kundi hilo la pili upendeleo. Neno lenyewe linachanganya, kwa sababu kwetu upendeleo una lawama ndani yake: mtu kampa mpwa wake kazi. Hapa hakuna anayempendelea yeyote. Mtafiti anaweza kuwa mwaminifu tangu alfajiri hadi magharibi na bado akakusanya watoto wa kulinganishia ambao njia iliyowaleta kwake imeshawachuja. Ndiyo maana kipimo cha kwanza cha mtoto wa kulinganishia kiko katika swali moja: lau huyu angaliugua ugonjwa ule, je, angaliletwa katika hospitali hii hii na kuhesabiwa pamoja na wagonjwa wetu? Jibu likiwa ndiyo, anafaa. Likiwa hapana, basi anatoka katika umma mwingine, hata kama nyumba yao inaonekana kutoka dirishani mwa wadi.

Kilifi ni mahali pazuri pa kulitazama swali hili kwa sababu pamelijibu kwa njia kadhaa, kwa muda mrefu. Taasisi ya KEMRI kwa ushirikiano na Wellcome Trust ya Uingereza ilianza utafiti hapo mwaka 1989, na malaria ya watoto ndiyo iliyokuwa shughuli kuu. Mwaka 2000 likaanzishwa daftari la watu: eneo la kilomita za mraba 891 hivi likachorewa mipaka, kila nyumba ikawekwa ramanini, na wafanyakazi wa nyanjani wakaanza kupita boma kwa boma kuuliza nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahamia, nani kahama. Leo eneo hilo lina watu zaidi ya robo milioni.  Mipaka hiyo ilichorwa ili iwameze takriban asilimia 80 ya watoto waliokuwa wakilazwa hospitalini. Mtoto akilazwa, jina lake hutafutwa katika daftari, na kutoka hapo anajulikana ni wa nyumba ipi.

Kazi hiyo inaweza kuonekana ya ukarani tu. Lakini mwenye daftari hili akitaka watoto mia mbili wa kulinganishia, hamwombi chifu amchagulie, wala hasimami nje ya kliniki ya chanjo akidaka wanaopita. Anaiambia kompyuta ivute majina kwa bahati nasibu, na kila mtoto wa umri ule, wa Takaungu au wa ndani kabisa kule Sokoke, ana nafasi sawa ya kutajwa.

Kwa nini asiwachukue tu watoto wengine waliolala vitanda vya pili? Wako karibu, damu yao imeshachukuliwa, mama zao wanaweza kuhojiwa. Mwaka 1946 Joseph Berkson, daktari na mtakwimu wa Mayo Clinic huko Marekani, alionyesha kwa hesabu kwamba magonjwa mawili yasiyohusiana kabisa yanaweza kuonekana kama ndugu ukiwatazama waliolazwa peke yao, kwa kuwa kila ugonjwa una uzito wake wa kumsukuma mtu hospitalini. Somo la Berkson huwa gumu kulishika darasani. Kilifi linashikika, kwa sababu ya selimundu.

Katika sehemu hii ya Pwani, kama watoto 15 katika kila 100 wamerithi kinasaba kimoja cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja. Hao si wagonjwa wa selimundu. Mgonjwa ni yule aliyerithi viwili. Mwenye kimoja ana kinga dhidi ya malaria, na utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2005 ulikipima kiasi cha kinga hiyo: karibu asilimia 50 dhidi ya malaria isiyo kali, 75 dhidi ya malaria ya kulazwa, na karibu 90 dhidi ya malaria kali inayotishia maisha. Sasa tuseme unataka kujua kama kinasaba hicho kina uhusiano wowote na maambukizi ya bakteria katika damu, ugonjwa ambao huua watoto wengi wadogo. Nitatumia tarakimu za kubuni ili hesabu ionekane. Kati ya watoto 100 wenye bakteria damuni, unakuta 6 wana kinasaba. Unageukia vitanda vya pili, vilivyojaa watoto wa malaria kali, na huko unakuta 2 tu. Unaandika ripoti: kinasaba cha selimundu huzidisha hatari ya bakteria damuni mara tatu. Kisha mwenzako anakwenda vijijini na daftari, anavuta watoto 100 kwa bahati nasibu, na kukuta 15. Kwa wagonjwa wale wale 6, yeye anaandika kwamba kinasaba hicho ni kinga, na kwamba hatari imeshuka hadi karibu theluthi moja.

Wagonjwa ni wale wale, maabara ni ile ile. Kilichowapeleka watafiti hawa wawili pande mbili ni mtoto wa kulinganishia. Vitanda vya malaria vilikuwa vimeshawachuja wenye kinasaba na kuwaacha nyumbani wakicheza, kwa sababu malaria haikuwashika vilivyo.

Mfano nimeubuni, lakini jibu lake halikubuniwa. Mwaka 2011 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Kilifi uliowalinganisha watoto 292 waliokuwa na bakteria damuni na watoto 528 kutoka katika jamii. Wenye kinasaba kimoja cha selimundu walionekana kuwa na hatari ya kiasi cha 0.36 ukilinganisha na wasio nacho. Kwa kuwa kinasaba hicho hakijulikani kupigana na bakteria moja kwa moja, watafiti walisema kinga inapitia kwa malaria: anayeepuka malaria anaepuka pia bakteria wanaoingia mwili ukishadhoofika. Wakalithibitisha kwa njia ya pili. Kati ya 1999 na 2007 watoto waliolazwa kwa malaria walishuka kutoka 28.5 hadi 3.45 kwa kila watoto elfu moja kwa mwaka. Bakteria damuni wakashuka kutoka 2.59 hadi 1.45, na ile faida ya kuwa na kinasaba ikafifia sambamba na malaria yenyewe. Walikadiria kwamba mwaka 1999 asilimia 62 ya maambukizi ya bakteria damuni yalitokana na malaria, ingawa kadirio hilo lina upana mkubwa wa mashaka. Yaani mzazi aliyemlaza mwanawe ndani ya chandarua kwa kuogopa mbu alikuwa akimkinga na ugonjwa ambao hakuna aliyemwambia unahusiana na mbu. Utambuzi huo usingepatikana wadini.

Nimonia ina mtego wake. Utafiti uitwao PERCH uliwaandikisha watoto wa miezi 1 hadi 59 katika nchi saba za Afrika na Asia kati ya Agosti 2011 na Januari 2014, Kilifi ikiwa kituo kimojawapo: wagonjwa 4,232 wa nimonia kali, na watoto 5,119 wa jamii wa kulinganishia. Swali lilikuwa ni vijidudu gani vinavyosababisha nimonia sasa, baada ya chanjo kuwapunguza baadhi ya wale wa zamani. Mapafu ya mtoto hai huwezi kuyafungua, kwa hiyo hutazamwa pua na koo. Na pua ya mtoto mdogo wa Kilifi, hata mzima, mara nyingi imebeba bakteria wa nimokokasi, mmoja wa washukiwa wakuu wa nimonia.

Hapo likazuka jambo ambalo mtu asiyelifikiri vizuri atakosea. Je, mtoto mwenye mafua kidogo, makamasi na kikohozi chepesi, anaweza kuwa wa kulinganishia? Moyo unasema hapana: unataka mtoto mzima, basi mchukue mzima kabisa. Watafiti wa PERCH walikataa ushauri huo wa moyo. Mtoto yeyote asiye na nimonia aliyetajwa na bahati nasibu aliandikishwa, mwenye mafua akiwemo. Na walikuwa sahihi, kwa maoni yangu, kwa sababu mafua ni sehemu ya maisha ya kawaida ya watoto ambao wagonjwa wametoka miongoni mwao. Ukiwaondoa wenye makamasi, unabaki na kundi safi kuliko jamii yoyote iliyopo duniani, na kila kirusi cha mafua kitaonekana mshitakiwa wa nimonia kwa kuwa tu umekifagia upande mmoja.

Matokeo yalipotoka mwaka 2019, kirusi cha RSV kiliongoza kwa mbali, kikikadiriwa kusababisha asilimia 31 ya nimonia zilizothibitishwa kwa picha ya eksirei miongoni mwa watoto wasio na VVU. Virusi kwa jumla vilichukua asilimia 61, na bakteria 27. RSV kilishitakiwa kwa nguvu hivyo kwa sababu watoto wazima hawakuwa nacho ila mara chache. Vijidudu vingine vilivyojaa puani mwa wagonjwa vilikutwa vimejaa pia puani mwa wazima, vikaachiliwa au kushukiwa kwa kiasi tu. Kuna la majira pia. RSV huja Kilifi kwa wimbi na kuondoka. Mgonjwa wa wakati wa wimbi akilinganishwa na mzima aliyepimwa miezi sita baadaye, tofauti itakayoonekana ni ya kalenda. Ndiyo sababu watoto wa kulinganishia walipimwa mwaka mzima, bega kwa bega na wagonjwa.

Wengi huuliza kwa nini isichukuliwe njia rahisi ya nyumba ya jirani. Ni njia halali na ina faida zake. Utafiti mkubwa wa kuhara uitwao GEMS, uliokuwa na kituo Siaya magharibi mwa Kenya, uliwatafuta watoto wa kulinganishia katika kijiji cha mgonjwa au cha karibu, wa umri na jinsia moja naye, ndani ya siku 14. Uligundua kwamba giadia, kijidudu kinachotibiwa kila siku katika zahanati zetu, hakikuonekana zaidi kwa wanaohara vibaya. Katika baadhi ya umri kilikutwa zaidi kwa watoto wazima. Bila wale watoto wazima giadia ingeendelea kubeba lawama yote.

Lakini jirani wa Kilifi ana mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni la ukoo. Katika boma la Kimijikenda, nyumba ya pili mara nyingi ni ya baba mdogo, na mtoto wa rika lile ni binamu. Ukitafiti vinasaba kwa kumtumia yeye, umechukua damu ambayo kwa sehemu ni ile ile, na tofauti unayoitafuta umeififisha mwenyewe. La pili ni la ardhi. Malaria hapa hukaa kwa madoa: utafiti wa eneo hili umeonyesha maboma yenye homa nyingi ndani ya vijiji vyenye homa nyingi, doa ndani ya doa. Mtoto wa jirani ameumwa na mbu wale wale, wa kidimbwi kile kile. Ukiwa unataka kujua kama kidimbwi kina hatari, jirani hawezi kukusaidia.

Kuna kundi lingine ambalo Kilifi imelitumia kwa werevu: watoto waliolazwa kwa ajali. Mtoto aliyeanguka mwembeni akavunjika mkono hakuletwa hospitali na malaria. Hivyo damu yake, ikipimwa, inaonyesha ni watoto wangapi wa jamii wanatembea na vimelea bila kuugua, na watafiti walifuata kushuka kwa malaria mwaka hadi mwaka kwa kutazama damu ya majeruhi hawa. Kwa swali hilo mimi nawakubali. Kwa maswali mengine ningewakataa. Anayepanda mwembe ni mkubwa kuliko mtoto wa miezi minane mwenye nimonia, mara nyingi ni mvulana, na aliyeungua kwa maji ya moto pengine ametoka katika chumba kimoja ambamo watu wote hulala na kupika. Ukiulizia umaskini au msongamano wa nyumba, majeruhi watakupa jibu lililopinda.

Ndugu wa karibu wa wazo hilo ni mbinu ya kupima ubora wa chanjo: watoto wote walioletwa na kuhara hupimwa kirusi cha rota, na wale wasiokutwa nacho huwa watoto wa kulinganishia kwa waliokutwa nacho. Tangu Kenya iingize chanjo ya rota mwaka 2014, njia hii imekuwa na maana kubwa kwetu. Wote wamepita njia ile ile, mama wa aina moja, nauli ile ile, uamuzi ule ule wa kutoka nyumbani.

Uamuzi huo wa kutoka nyumbani ndio unaonirudisha kwenye jambo ambalo hesabu hailiwezi peke yake. Mtoto akishikwa na degedege, wapo wazee Pwani wanaosema ni nyuni, ndege wa kishetani aliyempitia, na safari ya kwanza ni kwa mganga. Kuna aliyefika hospitali siku ya pili, na kuna ambaye hakufika. Daftari linamjua wa kwanza kama mgonjwa. Wa pili linaweza kumtaja siku moja kama mtoto mzima.

Kisha kuna kukataa. Mfanyakazi wa nyanjani anafika bomani na karatasi yenye jina lililovutwa na kompyuta. “Shikamoo, nyanya.” “Marahaba, mwanangu, karibu kiti.” Mama wa mtoto ameenda Mtwapa kutafuta kibarua, nyanya ndiye mlezi. Anasikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza lililo la haki kabisa: mtoto haumwi, damu yake ya nini? Swali hilo lina historia. Hadithi za mumiani, watu wanaonyonya damu za wenzao na kuziuza, zimezunguka Pwani tangu ukoloni, na utafiti wowote unaobeba sindano na chupa huzikuta zikiwa zimeshafika kabla yake. Mama wa mgonjwa ana sababu ya kukubali: anataka mwanawe apone. Nyanya wa mtoto mzima hana ila imani yake kwa aliyesimama mbele yake.

Wakikataa bila mpangilio, hasara ni ndogo. Lakini kukataa kuna mpangilio. Utafiti mkubwa wa saratani za watoto Uingereza miaka ya 1990 uligundua kwamba familia zilizokubali kuwa za kulinganishia zilikuwa na hali bora kuliko zilizokataa, na kwa hiyo kitu chochote kinachoandamana na umaskini kingeweza kuonekana kama chanzo cha saratani. Mjadala wa nyaya za umeme na saratani ya damu kwa watoto, ulioanzia Denver mwaka 1979, umekaa miongo kadhaa ukikwama hapo hapo: je, ni nyaya, au ni jinsi watoto wazima walivyopatikana? Kwa hiyo mikutano ya vijijini, wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na wenzao, na lugha ya Kigiriama inayosemwa bila kubabaisha ni vyombo vya kupimia, sawa na hadubini. Napenda zaidi kuviita heshima, lakini hata asiyejali heshima atavihitaji kwa ajili ya hesabu zake.

Kosa la nyanjani ninaloliogopa kuliko yote ni dogo kwa sura. Jua limepanda, boma la pili lina mtoto wa rika lile, mama yupo na amekubali. Kwa nini asiandikwe huyo badala ya yule aliyeenda Mtwapa? Kwa sababu mwenye kushinda nyumbani mchana ni mtoto wa mama asiye na kibarua cha mbali, na wakikusanyika mia wa aina hiyo, wale wanaohamahama na mama zao wamekwisha kutoweka kwenye karatasi. Msimamizi mzuri humtuma mfanyakazi kurudi mara ya pili na ya tatu, hata jioni, na akishindwa huandika kwamba ameshindwa.

Malindi haina daftari la watu kama la Kilifi. Iko kilomita 60 hivi kaskazini, ina hospitali yake, na mtoto wa Malindi anayelazwa Kilifi mara nyingi amepelekwa kwa sababu hali imekuwa nzito. Kumlinganisha na mtoto mzima wa Tezo ni kuwachanganya watu wa milango miwili. Anayetaka kuchunguza nimonia au kuhara kule itambidi ajenge kundi lake kwa mikono. Kliniki ya chanjo itampa wachanga wa akina mama wanaofuata tarehe za kijitabu, na itamnyima watoto wa kuanzia mwaka na nusu ambao chanjo zao zimekwisha. Shule ya chekechea itamnyima wasiolipiwa karo. Mimi ningeanza na wahudumu wa afya wa jamii, walio na orodha za nyumba wanazozitembelea, kutoka Shella mjini hadi mashamba ya Ganda, na ningezivuta nyumba kwa bahati nasibu kutoka katika orodha hizo, baada ya kuwauliza kwanza ni nyumba zipi hawajawahi kuzifikia.